Mama, Mara ya Mwisho Umekula Tunda Lini?

(Neno lililotolewa Ujiji, Kigoma, katika kipindi cha wazee na familia, wakati wa maadhimisho ya ushirika wetu. Mnenaji mwenyewe ameliandika upya kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu.)

Wapendwa mliovuka kutoka Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, Yesu ashimwe! Wapendwa wa Uvira, Baraka na Kalemie, Bwana asifiwe sana! Wenyeji wetu wa Kigoma, asanteni kwa kutupokea na kwa dagaa wa jana usiku.

Naomba kwanza wazee wetu waliokaa viti vya mbele wanyooshe mikono juu. Nawaona. Shikamooni wazee wangu. Leo sijaja kuwafundisha ninyi. Ninyi mmetufundisha sisi. Leo nataka kusema na watoto wenu mbele yenu, mkiwa mashahidi.

Ndugu zangu, nimehubiri tunda la Roho kwa miaka mingi. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia yote tisa, kuanzia upendo mpaka kiasi, bila kuruka hata moja. Lakini kuna tunda ambalo sijawahi kulihubiri. Ni tunda la papai.

Mnacheka! Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, mpaka siku nilipoaibishwa na swali moja la muuguzi. Swali lenyewe ndilo kichwa cha neno hili, na nitawaeleza lilivyonikuta.

JAMBO LILILONIPATA MIMI

Mama yangu anaishi kijijini, kwenye milima ya Kasulu. Amevuka miaka 70. Baba alishatangulia. Mama anakaa na wajukuu wawili, watoto wa marehemu dada yangu. Mimi huduma imeniweka mbali, leo niko mkutano huu, kesho kongamano lile, lakini nilikuwa najitahidi kufika nyumbani kila baada ya miezi miwili.

Na sikwenda mikono mitupu. Nikishuka stendi Kasulu nilikuwa napitia dukani. Sukari kilo mbili. Mkate mkubwa. Majani ya chai. Na soda, kwa sababu mama anapenda soda. Wenzetu wa Burundi mnaita fanta hata kama si Fanta, na ng'ambo ya ziwa mnaita sukre, lakini tunaelewana. Nilikuwa nafika nimebeba mfuko huo, majirani wanatoka kuangalia, mama anashangilia, na mimi najiona mtoto mwema kweli kweli.

Safari moja mama akaniambia, "Mwanangu, tumbo limefunga." Nikamwombea. Safari iliyofuata akaniambia, "Bado limefunga. Siku nne, siku tano, hakuna kitu." Nikamwombea tena, nikafunga siku tatu. Safari ya tatu nikamkuta amelala mchana. Hana hamu ya chakula, tumbo limejaa, uso umenyong'onyea. Jirani mmoja akaanza kunong'ona kwamba huenda amechezewa. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nataka niwaambie ukweli, nilianza kufikiria hivyo hivyo.

Kesho yake nikampakia kwenye pikipiki, nikampeleka kituo cha afya. Tukapokelewa na muuguzi, binti mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akampima presha, akambonyeza tumbo, akauliza dawa anazotumia. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamuuliza kwa upole:

"Mama, mara ya mwisho umekula tunda lini?"

Mama akanyamaza. Akanitazama mimi. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, matunda ni ya wajukuu."

Muuguzi akauliza, "Na maji je?" Mama akasema anakunywa kikombe kimoja asubuhi. Jioni hanywi, kwa sababu choo kiko nje, njia ni giza, na aliwahi kuanguka. Sikuwa najua. Miaka yote hiyo sikuwa najua kwamba mama yangu anaogopa maji kwa sababu ya choo.

Ndipo yule binti akanigeukia mimi. "Na wewe baba, ukija unamleteaga nini?"

Nikatazama chini. Ningesema nini? Soda na mkate?

PAPAI LA MNADANI

Tulipewa dawa kidogo na ushauri mwingi, tukarudi. Nilipofika nyumbani nikazunguka nyuma ya nyumba. Wapendwa, mama yangu ana miparachichi mitatu. Ana mwembe mmoja mkubwa aliopanda baba. Ana migomba. Alikuwa na mpapai mmoja uliokuwa ukizaa vizuri, sasa umeanguka kwa upepo. Matunda yapo! Sasa yanaenda wapi?

Nikamuuliza. Akanieleza bila kulalamika. Maparachichi, mnunuzi anapita na baiskeli, anayachukua yakiwa bado magumu, hela ndiyo inayonunua chumvi na daftari za watoto. Maembe, watoto wanayamaliza yakiwa bado mabichi. Ndizi mbivu ni za wageni. "Na mapapai?" nikauliza. Akasema, "Papai zuri nilikuwa napeleka kanisani, sadaka ya mavuno. Hata lile ulilonunua wewe mnadani lilikuwa langu. Ndilo lilikuwa la mwisho la ule mti. Nilifurahi sana nilipoona ni wewe umelipata."

Nikakaa chini kwenye kinu.

Nililikumbuka lile papai. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, nimealikwa kanisa la nyumbani. Baada ya ibada kukawa na mnada, kama ilivyo desturi yetu. Likaletwa papai kubwa, la njano. Nikataja shilingi 5,000. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nikalichukua, nikamkabidhi mgeni wa heshima aliyekuja na gari. Mama yangu alikuwa amekaa mwanzo wa benchi la tatu, anapiga makofi pamoja na wengine. Tumbo lake limefunga. Na dawa yake nimeinunua kwa mnada, nikampa mtu mwenye gari!

Sisemi sadaka ni mbaya. Mama alitoa kwa moyo wake na Mungu alipokea. Nasema juu yangu mimi. Katika Marko 7 Bwana wetu aliwakemea watu waliosema "Korbani", yaani hiki nimekiweka wakfu kwa Mungu, halafu wazazi wao wakakosa msaada. Nimefundisha sura hiyo mara nyingi, nikiwanyooshea vidole Mafarisayo. Siku ile, pale kwenye kinu, kidole kilinigeukia.

WAZEE WETU WANAACHA MATUNDA KWA SABABU GANI?

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza swali la yule muuguzi kila nyumba ninayoingia. Nimeuliza Kasulu, nimeuliza hapa mjini, nimeuliza nilipovuka kwenda Burundi. Majibu yanafanana sana.

La kwanza, "matunda ni ya watoto." Hili ni kubwa kuliko yote. Mtoto akila embe tunaona sawa. Mgonjwa hospitalini tunampelekea machungwa. Lakini mzee mzima akitafuna embe barazani tunaona amerudi utotoni. Kwa hiyo mzee anasubiri mpaka augue ndipo apate chungwa! Jamani, kama tunda linamfaa aliyelazwa, si lingemfaa zaidi kabla hajalazwa?

Tena hapa Kigoma tuna jirani zetu sokwe wa Gombe, ambao wamechunguzwa tangu mwaka 1960. Chakula chao kikubwa ni matunda. Sijasikia sokwe mzee akisema, "Haya ni ya watoto."

La pili, meno. Mzee asiye na magego hawezi kuuma embe gumu wala pera la kijani. Anaona aibu kusema. Atakuambia, "Sijisikii," kumbe fizi zinauma.

La tatu, mikono na macho. Kumenya nanasi ni kazi. Chungwa linahitaji kisu na vidole vyenye nguvu. Bibi mwenye vidole vilivyovimba anaachia hapo hapo.

La nne, ladha. Someni habari za mzee Barzilai katika 2 Samweli 17 na 19. Daudi alipokimbia, mzee huyu alikuwa mmoja wa waliomletea chakula kule Mahanaimu: ngano, maharagwe, asali, kondoo. Vita vilipoisha Daudi akamwalika Yerusalemu akale mezani pa mfalme. Barzilai akakataa. Alikuwa na miaka 80, na akaeleza kwamba haonji tena ladha ya anachokula wala anachokunywa. Mnaona? Alilisha mfalme na jeshi lake, na ulimi wake mwenyewe hauna ladha. Wazee wetu ndivyo walivyo. Uzee unapunguza ladha, na dawa nyingine zinapunguza zaidi. Ndiyo maana mzee anakimbilia kitu chenye sukari nyingi au chumvi nyingi, kwa sababu ndicho anachokisikia mdomoni. Soda inashinda papai kwa njia hiyo.

La tano, hela. Tunda zuri linauzwa. Linapanda baiskeli, linapanda lori, linakwenda mjini. Mwenye mti anabaki na yaliyooza upande. Na kwa mpendwa aliye kambini Nyarugusu, mgao wa chakula ni unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Tunda anatakiwa alitafute mwenyewe.

Hebu tazameni, hakuna hata moja kati ya hayo lisilokuwa na dawa. Na sehemu kubwa ya dawa hiyo iko mikononi mwa sisi watoto.

TUNDA LINAFANYA KAZI GANI KWA MZEE?

Mimi si daktari. Cheti changu ni cha chuo cha Biblia. Lakini nimeuliza wanaojua, na haya ninayosema ni mambo ya wazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, vyote kwa pamoja. Gawanya mara tano, unapata mafungu ya gramu 80. Fungu moja ni kama ndizi moja ndogo, au kipande cha papai cha kujaza kiganja, au nusu ya parachichi la wastani. Mzee akipata mafungu mawili ya matunda na matatu ya mboga kwa siku, amefika. Sio mlima.

Tunda lina nyuzinyuzi, nazo ndizo zinazosukuma tumbo. Tumbo la mzee linatembea polepole, hasa akikaa sana, akinywa maji kidogo, au akitumia dawa kama vidonge vya kuongeza damu. Ukimlisha ugali mweupe, chai na mkate mweupe tu, unafunga mlango halafu unauliza kwa nini haufunguki.

Tunda lina maji. Mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili unakauka na yeye hajui. Tikiti maji ni maji zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Chungwa nalo halipungui sana hapo. Anayekataa kikombe cha maji anaweza kukubali vipande vya tikiti saa nne asubuhi, na usiku asisumbuke kwenda nje.

Tunda lina vitamini C, inayosaidia kidonda kupona na fizi kuwa imara. Hii ndiyo iliyowaokoa mabaharia. Mwaka 1747 daktari mmoja wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawapa vitu tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio walionyanyuka haraka. Na sisi tunapita chini ya mpera kila siku! Pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa, uzito kwa uzito. Tena vitamini hiyo inausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga za majani. Mzee anayekula maharagwe kila siku, mpe kipande cha pera au chungwa pamoja na mlo, damu itafaidika.

Embe na papai zina kile kitu cha njano ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, kwa ajili ya macho na ngozi. Na parachichi, ambalo wa Uvira mnaita avoka, lina mafuta mazuri na ni laini, halihitaji jino hata moja.

Wengine mtakumbuka yule kijana Mmisri katika 1 Samweli 30, aliyeachwa na bwana wake porini kwa sababu ameugua. Siku tatu hajala wala kunywa. Watu wa Daudi walimpa mkate na maji, wakaongeza kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu, na nguvu zake zikamrudia. Kabla hawajamuuliza habari za vita walimlisha. Huo ni utaratibu mzuri wa huduma.

NAMNA YA KUMLISHA

Sasa tufike kwenye matendo. Haya ndiyo tunayofanya nyumbani kwa mama.

1. Tunda liwe tayari. Usimwachie mzee nanasi zima ukasema umemletea. Limenye, likate vipande vidogo, weka kwenye bakuli lenye mfuniko. Osha tunda kabla ya kulikata, kwa sababu kisu kinaingiza uchafu wa ganda ndani. Lililokatwa liliwe siku hiyo hiyo. Na yale yanayouzwa barabarani yameshakatwa, nzi wakiwa juu, yaacheni.

2. Liwe laini. Papai lililoiva, akwangue kwa kijiko. Ndizi mbivu, ponda kwa uma. Parachichi, ponda na chumvi kidogo na tone la limau. Embe, lisubiri liive. Pera, livunje na lichuje mbegu. Zabibu na zambarau zina hatari ya kumkaba, zitoe mbegu na uzikate.

3. Tunda lenyewe ni bora kuliko juisi. Ukisaga na kuchuja, nyuzinyuzi umezitupa kwenye majani, umebaki na utamu. Na soda ya mililita 300 inaweza kubeba vijiko vidogo saba au nane vya sukari. Mimi niliyekuwa nabeba soda sita kwa safari moja, pigeni hesabu wenyewe.

4. Anza polepole. Kama tumbo halijazoea, usimpe papai zima siku ya kwanza, litamvuruga. Kipande asubuhi, ndizi mchana, ongeza taratibu. Na maji yaende pamoja, mengi asubuhi na mchana. Halafu mnunulie tochi, na umtengenezee njia ya choo. Hilo nalo ni huduma.

5. Mwenye kisukari hajafungiwa matunda. Wengi wamewakataza kabisa wazazi wao. Anaweza kula, lakini kwa kiasi: fungu moja kwa wakati mmoja, tunda zima na si juisi, na ayagawanye katika siku badala ya kula bakuli zima usiku. Aendelee kupima na kufuata ushauri wa kliniki yake.

6. Wapo wa kuangaliwa kwa makini. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwa sababu ndizi, parachichi na chungwa zina potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Na balungi, lile tunda kubwa kuliko chungwa lenye uchungu kidogo, linagongana na baadhi ya dawa za presha na za mafuta ya damu. Ukitumia dawa hizo, muulize mfamasia kabla hujalila.

7. Tunda halichukui nafasi ya hospitali. Mzee akitoa damu chooni, akikonda bila sababu, akitapika, au choo kikibadilika ghafla, usikae ukimenya papai. Mpeleke.

MAMA ALIVYOENDELEA

Mtauliza, mama aliponaje? Hakukuwa na radi wala umeme. Ilichukua kama siku kumi. Kila asubuhi binti wa dada yangu alimpa kipande cha papai tulichonunua gulioni, mchana parachichi lililopondwa, na maji vikombe vinne kabla ya saa kumi jioni. Siku moja simu ikalia nikiwa mkutanoni. Yule binti akasema, "Mjomba, bibi anasema nikuambie mlango umefunguka." Nikasema Haleluya kwa sauti, watu wakadhani nimepata ufunuo!

Magoti yake bado yanauma. Presha bado anameza dawa. Lakini anakula, anatembea mpaka kanisani, na siku hizi nikifika, kabla hajanisalimia anaangalia mfuko.

Na maombi yangu ya kwanza je, yalikuwa bure? Sidhani. Naamini Mungu aliyasikia, akamtuma binti mwenye sare nyeupe na swali moja. Aliyechelewa kusikia ni mimi.

TUFANYE NINI KAMA USHIRIKA?

Wapendwa, tuko Ujiji. Miembe tunayoiona hapa si ya asili ya nchi hii. Embe lilitoka Bara Hindi, likafika Pwani, na katika karne ya 19 miti hii ikapandwa kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora, mpaka hapa ziwani. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa, na inasimuliwa kwamba walikutana chini ya mwembe. Njia ile ilikuwa ya machozi. Watu walipita wamefungwa minyororo, wengi wao wametolewa ng'ambo, Kongo. Lakini miti imebaki, inatoa tunda kwa kila anayepita, bila kumuuliza pasipoti. Ushirika wetu uwe hivyo.

Napendekeza mambo matatu, na wachungaji wetu wanisamehe kama nimevuka mpaka.

Kwanza, kila mnada wa mavuno, kabla haujaanza, kitengwe kikapu kimoja cha matunda mazuri. Sio yaliyobaki, ni mazuri. Vijana wakipeleke siku hiyo hiyo kwa wazee waliotoa na kwa wale wasioweza tena kufika ibadani. Mnada uendelee na vingine, hazina haitafilisika.

Pili, kila nyumba yenye mzee ipandwe mipapai. Mpapai hauhitaji shamba, unahitaji kona, hata kambini. Ukitunzwa vizuri huanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Panda miche mitatu au minne pamoja, kwa sababu mingine hutokea kuwa dume na haizai. Idara ya vijana, hii ni kazi yenu. Leteni ripoti mwakani.

Tatu, tubadilishe mzigo wa kumtembelea mzee. Sukari ipungue, soda ibaki dukani. Peleka papai moja, ndizi mbivu, maparachichi mawili. Tena usiweke mezani ukaondoka. Kaa, menya, kula naye. Mzee akila peke yake humwachia mjukuu. Mkila pamoja, naye atakula. Na wajukuu wapate fungu lao, bibi asijione ananyang'anya watoto.

Wazee wangu, na ninyi nina ombi moja. Ruhusuni kula. Mmekula mwisho kwa miaka 50. Mtume Paulo anaandika katika 1 Timotheo 5 kwamba watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi wao. Sasa tutawalipaje kama kila tunacholeta mnakigawa? Mkituzuia, mnatunyima kutii Neno.

Namalizia. Leo usiku, kabla hujalala, piga simu nyumbani. Usimuulize mama, "Umekula?" Atakujibu, "Nimekula." Wazee wetu ukiwauliza hivyo husema wamekula, hata kama ni chai kavu. Muulize swali la yule muuguzi: "Mama, mara ya mwisho umekula tunda lini?" Halafu nyamaza, usikilize.

Kama atakaa kimya kwanza, au akacheka kidogo kama mama yangu, basi unajua safari ijayo ubebe nini.

Mungu awabariki wote, wa huku na wa ng'ambo. Amina.